Watunzi Watatu na Vyombo Vinne

Katika muziki wa Ulaya umo muziki usiotungwa kwa ajili ya kanisa wala kwa ukumbi mkubwa, bali kwa chumba cha nyumba ya mtu. Huitwa muziki wa chumbani. Wapigaji wake ni wachache; kila mmoja hushika sauti yake peke yake, na hapana kiongozi asimamaye mbele yao na kijiti mkononi. Katika aina zake zote, iliyoheshimiwa zaidi na watunzi ni kwarteti ya nyuzi, yaani muziki wa vyombo vinne: fidla mbili, viola, ambayo ni fidla iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, na selo, ambayo mpigaji hukaa kitini akaishika katikati ya magoti yake. Mwanafunzi aliyeimba katika kwaya ya shule hatakuwa mgeni hapa, maana amekwisha zoea soprano, alto, tena na besi, naye ajua jinsi wimbo mmoja uwezavyo kugawanywa kwa sauti nne usipasuke. Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, aliandika katika barua ya mwaka 1829 kwamba kusikiliza kwarteti ni kama kusikiliza watu wanne wenye akili wakizungumza.

Mazungumzo hayo ya vyombo yana mengine nyuma yake, nayo ni mazungumzo ya watunzi wenyewe. Ndiyo sababu siku hizi wapigaji hupenda kupanga programu ya jioni moja kwa nia ya kuonyesha uhusiano wa mtunzi na mtunzi. Programu moja ya namna hii hupangwa mara nyingi mno, nayo ndiyo nitakayoipima katika kurasa hizi: kwanza kwarteti ya Haydn katika zile sita ziitwazo Opasi 33, kisha moja ya Mozart katika sita alizomtunukia Haydn, mwisho moja ya Beethoven katika sita za Opasi 18. Watunzi wote watatu waliishi katika mji wa Vienna. Wa kwanza na wa pili walikuwa marafiki, na wa tatu alikuwa mwanafunzi wa wa kwanza. Hakuna wa kukana kwamba uhusiano upo. Swali la mhakiki ni jingine: je, uhusiano huo wasikika katika fidla, au wasomwa tu katika karatasi wanayogawiwa wasikilizaji mlangoni?

Nauliza hivi kwa sababu karatasi hizo hujaa hadithi, na hadithi zenyewe ni tamu. Iliyo maarufu kupita zote ni ya tarehe 12 Februari, 1785. Siku hiyo Haydn alialikwa nyumbani kwa Mozart, zikapigwa kwarteti tatu zilizokuwa mpya kabisa. Baba yake Mozart, mzee Leopold, alikuwapo, naye alimwandikia binti yake yaliyotokea. Haydn alimgeukia mzee huyo akamwambia, kwa kumtaja Mungu na kwa uaminifu wake, ya kuwa mwanawe ni mtunzi mkubwa kuliko wote aliopata kuwajua kwa uso au kwa jina. Haydn alikuwa na miaka 52, na sifa yake ilikuwa imeenea Ulaya. Mozart alikuwa na miaka 29. Si kila mkubwa awezaye kusema hivyo, tena mbele ya watu.

Hadithi hiyo ni ya kweli na yafaa kujulikana. Lakini msikilizaji aliyeisoma aweza kukaa jioni nzima akisikiliza urafiki badala ya kusikiliza muziki. Atatikisa kichwa kwa furaha, atapiga makofi, naye asijue ni kitu gani hasa Mozart alichopokea kwa Haydn wala alikifanya nini. Heri tuanze na Haydn mwenyewe.

Joseph Haydn aliingia katika utumishi wa jamaa ya Esterházy mwaka 1761. Alikuwa mtumishi kwelikweli: mkataba wake ulimtaka avae sare ya nyumba hiyo. Mwaka 1781 alimaliza kwarteti sita, akawaandikia watu wakubwa kadha wa kadha kuwauzia nakala kabla ya kupigwa chapa, akisema ya kuwa amezitunga kwa namna mpya kabisa, maana kwa miaka kumi hakutunga yoyote. Wapo wasemao kwamba hayo yalikuwa maneno ya mwuza bidhaa tu. Yamkini, lakini bidhaa ilikuwa njema. Katika kwarteti nyingi za zamani fidla ya kwanza ilikuwa bwana na wengine watumwa wake. Haydn mwenyewe alikuwa amekwisha anza kuuvunja utawala huo katika kwarteti zake za mwaka 1772, na katika Opasi 33 neno dogo analotupa mmoja laokotwa na mwenziwe, lageuzwa, larudishwa kwa swali, mpaka msikilizaji asiweze kusema ni nani msemaji na ni nani mwitikiaji. Tena akafanya hivyo kwa wepesi, bila jasho kuonekana. Mahali pa ngoma ya minueti, ngoma ya majumba ya wakubwa, aliandika neno la Kiitalia lenye maana ya mzaha.

Kwarteti ya pili katika hizo sita yaonyesha mzaha huo ulivyo. Fungu lake la mwisho lina wimbo mwepesi urudiao mara kwa mara. Msikilizaji adhanipo kwamba yamekwisha, muziki wageuka ghafula kuwa wa pole na wa taadhima, kana kwamba mtu ameingia chumbani na habari nzito. Kisha ule wimbo mwepesi warudi, lakini umekatwa vipande vinne, na kati ya kipande na kipande pana kimya. Baada ya kipande cha mwisho kimya ni kirefu zaidi. Watu wainua mikono wapige makofi. Ndipo kipande cha kwanza chasikika tena, kwa sauti ndogo sana, na hapo ndipo muziki unapokwisha, mwanzoni mwa sentensi! Wacheshi wengi hutuchekesha kwa jambo wanalosema. Haydn atuchekesha kwa kutuonyesha jinsi tulivyozoea kujua mambo kabla hayajasemwa. Kimya nacho amekifanya sauti ya tano.

Mozart alizisikia kwarteti hizi akiwa mgeni mjini Vienna, maana alihamia huko mwaka huo huo wa 1781. Mtu huyu, ambaye watu husimulia kwamba alitunga kama apumuavyo, alichukua zaidi ya miaka miwili kutunga kwarteti sita za kuzijibu. Ya kwanza ina tarehe ya 31 Desemba, 1782, na ya mwisho aliimaliza tarehe 14 Januari, 1785. Karatasi alizoziandika kwa mkono wake zimehifadhiwa mpaka leo, nazo zimejaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya. Alipozitoa kwa kupigwa chapa aliandika mbele yake barua kwa Haydn, kwa Kiitalia, akiziita watoto wake sita anaowapeleka ulimwenguni chini ya ulinzi wa rafiki, na akakiri kwamba ni matunda ya kazi ndefu yenye taabu. Yafaa tukumbuke ya kuwa kwa desturi ya siku zile mtunzi alimtunukia kazi mtukufu mwenye mali, ili mtukufu naye afungue mfuko. Haydn hakuwa na mfuko wa kufungua. Mozart aliuza kwarteti hizo kwa mpiga chapa kwa dukati 100, lakini heshima alimpa mtu aliyejua thamani yake.

Sasa twafika mahali ninapotofautiana na watengenezaji wa programu. Katika kwarteti sita za Mozart wao huchagua karibu kila mara ile ya mwisho, namba 465 katika orodha ya Köchel, kwa sababu ina jina: huitwa kwarteti ya sauti zinazogombana. Jina hilo lilitokana na mwanzo wake. Selo yaanza peke yake kwa noti moja ikirudiwa kwa utulivu, viola yaingia juu yake, kisha fidla ya pili, na fidla ya kwanza yaingia kwa noti ambayo sikio halikuitazamia, inayokinzana na ile iliyotoka kupigwa na viola. Katika karne ya kumi na tisa mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Fétis, alithubutu kuusahihisha mwanzo huo, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Ni mwanzo wa ajabu, nami sisemi usipigwe. Lakini ukitaka kuonyesha uhusiano wa watunzi watatu, kazi iliyo bora kwa shabaha hiyo ni ile iliyotangulia kwa siku chache tu, namba 464, katika ufunguo wa A. Haina jina la kuvutia watu, haina hadithi, na kwa mara ya kwanza yaweza kuonekana kavu. Nayo ndiyo iliyomshika Beethoven asiweze kujinasua.

Fungu lake la mwisho latosha kuwa ushahidi. Laanza kwa noti chache zinazoteremka polepole, kama mtu ashukaye ngazi gizani akipapasa kila daraja. Ni kitu kidogo ambacho mwingine asingeona haya kukitupa. Mozart akichukua, akipa kila chombo kwa zamu, akipindua kipande juu chini, akikifanya kijifukuze chenyewe, mpaka fungu zima limejengwa kwa noti hizo. Katikati watokea ghafula wimbo wa noti ndefu, tulivu, mfano wa wimbo wa kanisani, kisha wapotea. Na mwisho hapana kishindo: noti zile zile za mwanzo zashuka mara nyingine, kwa sauti ndogo, zikanyamaza. Hapa mafundisho ya Haydn yasikika wazi, yaani kujenga nyumba nzima kwa tofali moja na kumpa kila msemaji haki yake. Lakini Haydn hutufundisha hayo akicheka, na Mozart ayafanya akiwa amezama katika mawazo mazito. Amekopa maarifa, tabia hakukopa.

Ludwig van Beethoven alifika Vienna mwezi wa Novemba, 1792, akiwa na miaka 21, ili ajifunze kwa Haydn. Mozart alikuwa amefariki mwezi wa Desemba wa mwaka uliotangulia, Haydn akiwa London. Kabla kijana hajaondoka Bonn, mtukufu Waldstein alimwandikia katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba, kwa bidii isiyokoma, atapokea roho ya Mozart kwa mikono ya Haydn. Maneno hayo ni mazuri, lakini ni mzigo mzito kwa kijana. Masomo yenyewe hayakwenda vizuri. Haydn alikuwa na shughuli nyingi, na makosa kadha wa kadha katika mazoezi ya mwanafunzi aliyaacha bila kuyasahihisha. Beethoven alitafuta mafunzo kwa wengine. Rafiki yake Ries asimulia kwamba Haydn alitaka Beethoven aandike katika kazi zake za kwanza kwamba yeye ni mwanafunzi wa Haydn, naye akakataa, akisema hakujifunza kwake jambo lolote. Hata hivyo sonata tatu za piano alizozitoa mwaka 1796 alimtunukia huyo huyo Haydn. Mdomo ulikana na mkono ukalipa.

Kwarteti zake sita za kwanza alizitunga kati ya mwaka 1798 na 1800. Alipokuwa akizitunga alinakili kwa mkono wake mwenyewe muziki wa Mozart, na ile namba 464 ilikuwa miongoni mwa alizozinakili. Sikilizeni basi Opasi 18, namba 5. Ufunguo ni ule ule wa A. Mafungu yamefuatana vile vile: la haraka, minueti ikiwa ya pili, la tatu wimbo wa pole unaogeuzwageuzwa katika ufunguo wa D, na la mwisho la haraka. Katika fungu la mwisho watokea tena wimbo wa noti ndefu ulio kama wa kanisani, na kazi yamalizika kwa sauti ya upole kama ile ya Mozart. Je, huu ni wizi? Wasomaji wa mashairi ya pwani wana jibu tayari. Mshairi wa Mombasa alipojibiwa na mshairi wa Lamu, mwenye kujibu alishika bahari ile ile, na mara nyingi vina vile vile, ili watu waone vizuri mahali anapotofautiana na mwenziwe. Angebadili bahari, ushindani ungekuwa na ukungu. Beethoven alifanya kama hivyo: alichukua umbo la Mozart wazi wazi, mchana, ili tofauti ionekane.

Na tofauti ni kubwa. Tulinganishe mafungu ya tatu. Mozart ana wimbo mpana, na baada ya kuugeuza mara kadhaa aipa selo mdundo mdogo mkavu, kama ngoma inayopigwa kwa mbali, na mdundo huo wapita kwa wenziwe kimyakimya. Wimbo wa Beethoven ni mwepesi hata waweza kuonekana wa kitoto: washuka daraja kwa daraja, wapanda daraja kwa daraja, basi. Lakini katika geuzo la tano anafungua dirisha na kuingiza chumbani bendi nzima ya barabarani, fidla ya kwanza ikitetema juu na selo ikirukaruka chini. Ngoma iliyokuwa mbali kwa Mozart, kwa Beethoven imefika mlangoni. Minueti yake nayo yanipendeza kuliko ile ya Mozart, maana yaanza kwa fidla mbili peke yake, bila mashindano yoyote, kama watoto wawili wanaotembea. Katika fungu la mwisho, kinyume chake, nampa Mozart ushindi bila ya kusita. Beethoven ana mbio na uchangamfu mwingi, lakini hajapata ule mfumo uliosokotwa hata usione ncha ya uzi. Mwanafunzi wake Czerny asimulia kwamba Beethoven mwenyewe aliistaajabia sana kazi hiyo ya Mozart, akaiona kuwa ni mahali ambapo Mozart aliwaonyesha walimwengu uwezo wake ulivyokuwa, lau wangekuwa tayari kumsikia. Mtu asemaye hivyo hakukopa kwa sababu ya umaskini.

Mpaka hapa programu yetu yasimama imara, ikiwa tu namba 464 itachukua mahali pa namba 465. Lakini nina kasoro nyingine ya kuitia, nayo ni kubwa zaidi. Kwa kuwapanga watunzi kwa miaka yao, Haydn kwanza, Mozart katikati, Beethoven mwisho, programu hii yawafanya kuwa ngazi. Msikilizaji aondoka akiamini kwamba Haydn alikuwa kipago cha chini, mzee mcheshi aliyewatayarishia njia walio wakubwa kuliko yeye. Ukweli haukuwa hivyo. Deni kati ya watu hawa lilikwenda pande zote mbili. Mwaka 1787 Haydn alipoombwa kutoka Prague opera ya kuchezwa mjini humo, alikataa, akiandika kwamba ni vigumu mtu yeyote kusimama kando ya Mozart. Wala hakuacha kusikiliza alipozeeka. Mtukufu Lobkowitz, ambaye ndiye aliyetunukiwa Opasi 18 ya Beethoven, alimwagiza Haydn naye kwarteti wakati ule ule. Basi katika mwaka 1799 mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakitunga kwa ajili ya nyumba moja, mmoja ana miaka 67 na mwingine hajatimiza 29.

Haydn alimaliza mbili tu, ambazo ni Opasi 77. Husemwa kwamba aliacha kwa sababu alimwogopa kijana. Anayesema hivyo na aisikilize ile ya kwanza, katika ufunguo wa G. Fungu lake la kwanza latembea kama askari walio katika furaha. La pili ni la pole, na uzito wake haupungui mbele ya kitu chochote katika Opasi 18. Na la tatu, ingawa laitwa minueti, laenda kwa mbio ambazo hakuna mcheza ngoma wa majumbani angeweza kuzifuata. Fidla ya kwanza yaruka juu mpaka wasikilizaji wamhofie mpigaji. Huo si muziki wa mtu aliyepitwa. Kilichomzuia kuendelea kilikuwa uchovu wa mwili, maana siku hizo alikuwa akijitaabisha na kazi kubwa ya waimbaji iitwayo Majira, iliyotolewa mwaka 1801. Kwarteti nyingine aliianza mwaka 1803, akafika mafungu mawili ya katikati, akashindwa. Mwaka 1806 yalipigwa chapa kama yalivyo, yakifuatana na kadi yake ya kutaka radhi kwamba nguvu zimemwishia.

Kwa hiyo, lau ningepewa jioni hiyo kuipanga, ningeweka Opasi 33, namba 2, kwanza. Kisha namba 464 ya Mozart. Kisha Opasi 18, namba 5, ya Beethoven. Na mwisho kabisa ningemrudisha Haydn kwa Opasi 77, namba 1. Zote nne pamoja zakaribia saa moja na dakika arubaini na tano, nao ni muda mrefu kwa wapigaji wanne wasio na mtu wa kuwapokea. Pumziko na liwe baada ya Mozart. Wasikilizaji watoke nje wakiwa na zile noti zishukazo masikioni mwao, na wanaporudi vitini, kabla hawajasahau, wapewe Beethoven.